Kitako cha Kikombe cha Bi Esha

Wasichana wa dukani wameniomba niwaandikie namna ya kukitambua kikombe cha mti chenye fedha, maana nimeacha kazi na macho yangu nimeondoka nayo. Walitaka kurasa mbili tatu za maagizo. Nimekaa siku nne na kalamu mkononi, na kila nikianza na maagizo naishia kwa Tima. Basi nimeona nisijisumbue. Tima atakuwamo tangu mwanzo hadi mwisho, kama alivyokuwamo katika kazi yangu, nikitaka nisitake.

Kwanza nieleze kikombe chenyewe, kwa sababu siku hizi wapo waliozaliwa kambini au Mombasa ambao hawajapata kukishika. Ni cha mti, kimekerezwa, ukubwa wake kama viganja viwili vikikutanishwa. Kimevishwa fedha mdomoni na chini kwenye kitako. Hakinywewi chai wala kahawa. Ni cha kombe: mwalimu huandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, huziosha kwa maji na marashi, na maji yale ndiyo anayonyweshwa mgonjwa, au mwanamke aliyeshikwa na uchungu ukakataa kumwachia. Kismayu na visiwani, kila nyumba ya zamani ilikuwa na chake, kikiwekwa chumba cha ndani chini ya mikono ya wanawake. Jirani akihitaji huazimwa. Hakiuzwi. Aliyekiuza husemwa yeye, wakasemwa wanawe, na wajukuu wakikua watayakuta maneno yanawasubiri.

Ndiyo maana mimi niliajiriwa. Fundi Aboud, sonara wa nyuma ya soko, Mungu amrehemu, alikuwa akiitwa majumbani kukaza fedha iliyolegea au kusema kikombe ni cha kweli au cha kuigiza, na kila alipofika alisimamishwa ukumbini. Wenye vikombe hawakutaka mwanamume aingie ndani, na vikombe hawakutaka vitoke. Akatafuta mwanamke mwenye macho. Mama yangu akanitoa mimi bila kuombwa mara ya pili. Nadhani alikuwa amechoka na tabia yangu ya kukagua mishono ya nguo za wageni wetu na kuisema wakiwa hawajaondoka.

Siku ya kwanza Fundi alinipangia vikombe saba juu ya mkeka, akanipa uzi wa pamba uliopakwa nta, akasema, "Mwanangu, vipange kwa umri. Mkubwa kulia, mdogo kushoto." Kisha akarudi kwenye moto wake. Sikuwa najua kitu. Nilivipanga kwa weusi, nikidhani kizee ndicho cheusi. Adhuhuri alikuja, akavitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Kimoja tu nilikuwa nimekipatia, nacho kwa bahati.

Ndipo akanifundisha uzi. Mti ukikerezwa mbichi, kikombe hutoka mviringo kamili. Miaka ikipita hukauka, na hukauka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Pima mdomo kwa kufuata nyuzi za mti, halafu pima kwa kuzikata. Kikombe cha zamani kitakupa vipimo viwili tofauti. Kipya kitakupa kimoja. Fedha haikauki, kwa hiyo chini ya pete ya mdomo utaona mwanya umejazwa lakiri, nta ngumu ya kugandishia, na lakiri yenyewe ukiigusa kwa sindano ya moto itakupa harufu yake. Gundi ya dukani itakupa harufu ya kiatu.

Mengine niliyachuma kidogo kidogo. Tazama ua lililochorwa kwenye pete. Anayemnywesha mgonjwa hugeuza ua limwelekee mgonjwa, kwa hiyo fedha ya kweli imelika hapo tu, kwa midomo ya watu waliokwisha zikwa. Waigizaji husugua pete nzima sawasawa, kwa sababu wao hawajamnywesha mtu. Ndani tazama rangi ya zafarani iliyoingia kwenye nyuzi. Wenye haraka hupaka manjano ya jikoni. Dawa yao ni sabuni ya kufulia: chovya kitambaa, gusa ndani, manjano yatageuka mekundu pale pale. Zafarani haigeuki. Sabuni imewaumbua waongo wengi kuliko kadhi, nayo haikuwahi kusifiwa.

Nilikuwa na mwaka wa tatu, nikijua sasa kuwa najua, Tima alipotokea. Alitoka kisiwa cha Chovae, binti wa fundi wa mashua, ameleta kikombe cha shangazi yake kilichobonyea pete. Mimi nilikuwa nimekaa na kikombe cha mtu mwingine tangu asubuhi, nimekipima, nimekigeuza, nimekosa la kusema. Tima alisimama mlangoni, hajavua hata viatu. Akasema, "Hicho kichu chenu kina manjano."

Nilimuuliza amejuaje akiwa kule. Akasema kwa upole, kwa kweli kabisa, bila kujigamba, "Nukia, dada. Chanuka mchuzi."

Fundi alileta sabuni mwenyewe. Kitambaa kikawa chekundu. Nilimchukia Tima siku ile kabla hajaketi, na aliketi kwa sababu Fundi alimwambia aketi, na hakuinuka tena mpaka leo.

Sitawadanganya. Nilimwonea wivu kwa namna inayochosha. Fundi aliniita mwanangu, na yeye akamwita Tima tu, nami nikahesabu hilo kuwa ushindi kwa muda wa mwezi mzima, mpaka nilipogundua kuwa akipata kikombe kigumu humwita yeye kwanza. Tukienda majumbani pamoja, wenye nyumba walinikaribisha mimi mkubwa kitini, halafu wakamnong'oneza yeye siri za kikombe. Nilijifunza mambo mengi miaka ile kwa sababu sikutaka ayajue peke yake. Hata hilo la pua nililifanyia mazoezi. Nilikaa jikoni kwa mama nimefumba macho, ananiletea iliki, karafuu, udi, lakiri, mafuta, nami nataja. Mama aliwaambia majirani nina mimba.

Vita vilipokuja tulikimbia, kila mtu na alichoweza. Hayo mmesikia kwa wazazi wenu, na mimi sina jipya la kuongeza isipokuwa kwamba Fundi alibeba jiwe lake jeusi la kusugulia fedha na akaacha godoro. Tulikutana tena Mombasa, mji wa kale, watu watatu katika chumba kimoja chenye dirisha la kuuzia. Nilipomwona Tima mlangoni, mzima, amekonda, nilimkumbatia nikalia. Kesho yake alitambua pete ya kuigiza kwa kuidondosha mezani na kuisikiliza, nikarudi kumchukia kama kawaida.

Hapo Mombasa ndipo nilipojifunza jambo ambalo kisa changu chote kimelikalia. Kililetwa kikombe cha watu wa Chovae. Uzi ulisema ni kipya: vipimo viwili sawasawa. Fedha ilisema ni ya zamani, imelika kwenye ua. Mnajua maana yake: ni kikombe cha kubandika, mtu amechukua fedha ya kweli akaivisha mti mpya ili auze. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kusema hivyo.

Tima akakinusa chini. "Dada Maryamu, hebu nukia kitako."

Nilinusa. Ilikuwa sifa, mafuta ya papa wanayopaka mashua.

"Kwetu," akasema, "kikombe kikipasuka hakitupwi. Baba huchukua ubao wa mashua ya zamani, uliokauka miaka na miaka, akakereza mti mwingine, akavisha fedha ile ile. Ubao ule hauna la kukauka tena. Uzi hauuwezi." Kisha akaomba ruhusa, akapasha lakiri, akaling'oa pambo la fedha la kitakoni. Katikati ya mti kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu kijiti cheusi, urefu wa ukucha, kimezibwa kwa pamba iliyochovywa sifa, vile vile wanavyoziba mapengo ya mbao. "Hichi ndicho kikombe cha kwanza. Hukatwa kipande, kikatiwa kitakoni. Bila hichi wazee hawakiiti kikombe, huita bakuli."

Fundi Aboud alikishika kijiti kile machozi yakimlenga. Akasema, "Miaka yote hii nimewarudisha watu wa visiwani nikiwaambia vyao ni vya kubandika." Akamtazama Tima kwa muda mrefu. Mimi sikutazamwa.

Alipokaribia kufa alituita. Mimi alinipa funguo za duka. Tima alimpa uzi. Watu wote walisema nimepewa kikubwa. Nilikwenda sokoni siku ya tatu ya matanga nikanunua uzi mpya, nikaupaka nta, na unapima sawasawa kabisa na ule. Lakini kila Tima alipoufunua wa kwake kutoka kwenye kitambaa nilitamani ukatike.

Wanawe Fundi walirudi Kismayu hali ilipotulia kidogo, wakafungua duka tena, nasi tukarudi nao. Mimi nikawa mkubwa wa kazi. Kila kikombe kilichopimwa kilitoka na karatasi yenye neno langu: cha kweli, cha kuigiza, au cha kubandika. Tima alisema maoni yake na mimi niliandika. Mara nyingi niliandika aliyoyasema yeye, kwa mwandiko wangu.

Sasa nimefika kwa Bi Esha.

Bi Esha ni mtu wa kisiwa cha Ngumi. Wakati wa kukimbia alimbeba mama yake mgonjwa na kikombe cha nyumba yao, akakifunga kiunoni ndani ya kanga. Mama akafa njiani, kikombe kikafika Mombasa. Aliporudi Kismayu miaka mingi baadaye alikileta kwa kaka yake mkubwa, Bwana Athmani, akitegemea kupokewa kwa furaha. Bwana Athmani alikigeuza mkononi akasema sicho. Yeye alikumbuka cheusi, kilichopinda. Hiki kilikuwa chekundu na mviringo. Akasema mbele ya watu kuwa dada yake ameuza kikombe cha mama yao Mombasa akachongesha kingine. Bi Esha akaapa. Ndipo wakakubaliana waje kwetu, na watakalosema wenye kazi ndilo litakalokuwa.

Walikaa mbele yangu wote wawili, kaka na bakora yake, dada na kikombe mapajani.

"Baba ndiye aliyebadili mti," Bi Esha alisema. "Kilipasuka. Wewe ulikuwa Yemeni, kaka. Hukuwapo."

"Nimekuwa sipo kwa kila kichu kilichobadilika," Bwana Athmani akajibu. "Mchu asiyekuwapo husingiziwa mengi."

Nilipima kwa uzi. Vipimo vilikuwa sawa. Niliangalia ua, fedha imelika pale pale inapotakiwa. Nikagusa sabuni, hapana wekundu. Tima alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Akasema, "Dada, niruhusu nikinukie kitako." Akainama, akanusa, na uso wake ukafunguka. "Bwana Athmani, hichi ni chenu. Wallahi ni chenu. Baba yenu alikuwa fundi wa mashua?"

"Alikuwa," akasema, na kwa mara ya kwanza bakora ikatulia.

Na wote wakamgeukia Tima. Bi Esha akamshika mkono. Hakuna aliyenitazama mimi, mwenye uzi na kalamu, mwenye kiti. Ukanirudia wivu wa ile siku ya manjano. Nikakichukua kikombe, nikakiinua puani, nikanusa. Nataka mlielewe hili vizuri, nyinyi mnaonirithi: nilinusa sifa. Ilikuwa imefifia, lakini pua niliyoifanyisha kazi jikoni kwa mama haikunidanganya.

Nikasema, "Sinusi kitu."

Tima akasema tufungue kitako tuone kijiti. Nikasema fedha ni nyembamba, itachanika, na mimi sitaharibu kitu cha watu kwa sababu ya kubahatisha. Kila neno lilikuwa na sauti ya busara. Nikaandika: cha kubandika. Nikatia sahihi.

Tima alinitazama. Alisema mara moja tu, polepole, "Mkubwa ni wewe, dada," akaenda nyuma kupanga sindano.

Bwana Athmani hakukanyaga tena nyumba ya dada yake. Bi Esha alipomwoza binti yake, hapakufika ndugu hata mmoja wa upande wake. Wanawake wa mtaa waliokuwa wanakuja kuazima kikombe waliacha. Siku moja jirani yake, ukuta kwa ukuta, alishikwa na uchungu wa siku mbili, wakatuma mtu mtaa wa tatu kutafuta kikombe, na cha Bi Esha kiko pale, kimeoshwa, kimefunikwa kitambaa. Aliyenihadithia aliniambia Bi Esha alikuwa amekwisha kukitoa mlangoni. Alisimama nacho mpaka alipoona cha watu wengine kinapita.

Mimi niliendelea na kazi. Miaka saba. Nilipata vikombe vizuri na nikasema kweli kwa vyote, nadhani kwa kulipia. Nikiulizwa na wanafunzi habari za visiwa nilimwambia Tima afundishe, nikatafuta shughuli soko­ni. Nilijiambia huenda kweli sikunusa. Mtu akitaka sana asijue jambo alilolijua, anaweza kufika karibu.

Wiki yangu ya mwisho ya kazi, asubuhi, Bi Esha aliingia dukani na kikombe. Alikuwa amezeeka kuliko miaka saba. Akakiweka mbele yangu.

"Fundi Maryamu, ng'oa fedha yote uiyeyushe. Mjukuu wangu ametogwa masikio, nataka vipuli. Kama si kikombe, basi kiwe vipuli, angalau kitavaliwa."

Nilimwambia arudi wiki ijayo, Tima atamfanyia. Akasema, "Karatasi uliandika wewe. Na hili lifanye wewe."

Basi nikawasha moto. Nilianza na pete ya mdomo, nikaona mikono haikubali. Nikageuza kitako, nikapasha sindano, lakiri ikalainika, nikatia ncha ya kisu. Fedha haikuchanika. Ilitoka nzima. Harufu ya sifa ikatoka kabla yake, na pamba ikafuata, na kijiti cheusi kikaniangukia kiganjani.

Bi Esha alikuwa akitazama barabarani, hakutaka kuona. Tima alikuwa amenipa mgongo, anapanga sindano zilizokwisha pangwa. Kijiti ni kidogo, wasichana wangu. Ukifunga vidole hakuna anayejua. Moto ulikuwa unawaka pale pale, na baada ya saa moja fedha ingekuwa maji, na mti ungekuwa kuni, na mimi ningestaafu kwa heshima siku ya Alhamisi.

Nilifunga vidole. Nilivifunga, siwafichi. Nikahesabu pumzi kadhaa. Nikamwona Bi Esha anarekebisha mtandio wake, na mkono mwingine bado umeukunja kiunoni, pale alipokuwa akikifunga kikombe, kana kwamba bado kipo.

"Bi Esha," nikasema. "Usikiyeyushe. Ni chenu."

Akageuka. Nikafungua kiganja. Alikitazama kijiti, halafu akaniuliza, "Leo ndiyo umejua?"

"Nilijua siku ile."

Nilimwomba aningoje, nikatoka mwenyewe, na kijiti nimekifunga katika pindo la mtandio, mpaka nyumbani kwa Bwana Athmani. Nilimkuta anafunga kilemba, anataka kutoka. Nikamweleza nikiwa nimesimama ukumbini, kama Fundi Aboud alivyokuwa akisimamishwa zamani. Nilimwambia kikombe ni cha mama yao, dada yake hakuuza kitu, mti aliubadili baba yao, ushahidi huu hapa, na mimi nilinusa nikakataa.

"Kwa nini?" akauliza. Nadhani alikuwa anatafuta fitina, mtu aliyenituma.

"Wivu."

"Wivu na Esha? Alikufanya nini?"

"Si na Esha. Na Tima. Yeye ndiye aliyekiona kwanza, nanyi mkamgeukia yeye."

Alinitazama kama mtu aliyepewa hesabu isiyoingia. "Kwa hilo tu?"

"Kwa hilo tu."

Aliketi kwenye ngazi. Alikaa hapo na kilemba kimemlegea upande mmoja, nami nikabaki nimesimama. Kisha akainuka, akatangulia. Hakuchukua bakora.

Dukani aliingia bila kubisha hodi. Tima alikuwa amekwisha kukisafisha kitako, anakingoja kijiti. Nikampa, akakitia mahali pake, akaziba kwa pamba, akakaza fedha. Bwana Athmani akangoja mpaka alipomaliza, kisha akakichukua kikombe kwa mikono miwili.

"Nipani mai," akasema.

Tima akamimina maji. Bwana Athmani akageuza kikombe mpaka ua likamwelekea, akanywa, akakomea katikati. Akamtazama dada yake. "Esha, mamangu, nisamehe."

Bi Esha hakulia. Alisema, "Kunywa yote, kaka." Akanywa yote.

Walitoka pamoja, Bi Esha ndiye aliyekibeba. Mlangoni alisimama, akanigeukia mimi. "Na wewe, Maryamu, sijui nikwambie nini. Nikijua nitakuja." Hajaja bado. Siku mbili zilizopita nilisikia kuwa kikombe kiliazimwa kwa mwanamke wa ukuta wa pili, na mtoto amezaliwa salama, wa kiume. Niliandika karatasi nyingine, nikaifuta ile ya kwanza kwa jina langu, na nimewaomba muibandike ukutani pale wateja wanaposoma. Nanyi msiitoe hata mkinionea haya.

Kwa hiyo maagizo yangu ni haya: uzi, sabuni, ua, lakiri, pua. Na kwa vya visiwani fungueni kitako. Fedha haichaniki mkiipasha polepole.

Limebaki moja. Jioni ya siku ile, tukifunga duka, nilimuuliza Tima swali lililokuwa likinitekenya tangu asubuhi. "Pale kijiti kilipodondoka, kwa nini ulinipa mgongo? Ulijua kimo mle ndani."

"Nilijua."

"Na siku ile ya kwanza? Ulijua nimenusa?"

"Niliona pua yako, dada. Ilicheza." Alikuwa anakunja ule uzi wa Fundi ndani ya kitambaa chake, polepole. "Nilikwenda kwa Bi Esha wiki ile ile. Nikamwambia kikombe ni chake, asikitupe, asikiuze, angoje. Kila mwaka nilikwenda nikamwambia angoje. Mwaka huu nikamwambia wewe unaacha kazi, akilete, aombe fedha ing'olewe kwa mkono wako."

"Ungeweza kuwaambia watu. Ungeniumbua."

"Wangeniamini mimi, halafu wewe ungekuwaje?" akasema. "Nilitaka uwe wewe wa kusema. Basi nikageuka, usione kuwa nakuona."

Nilimpa funguo, nikaenda zangu nyumbani na hasira ya ajabu, natembea peke yangu najisemea. Maisha yangu yote nilidhani ninamwonea Tima wivu wa macho na pua. Kumbe vilikuwako vya maana zaidi vya kumwonea wivu, na hivyo nilikuwa sijaanza.